Mpishi Asiyeonja

Kila nilipopotea kutoka Thika na kurudi, na nimepotea mara nyingi, alikuwa na swali moja tu: huko nilikokuwa, nilikuwa nakula nini? Mji wenyewe haukumhusu. Nikimwambia nilikuwa Naivasha kwenye mashamba ya maua, alitaka kujua akina mama wa huko wanapika mboga gani mwezi huu, wanaichemsha au wanaikaanga, na kama viazi bado wanavila na maganda yake. Nikimjibu kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nakula chipsi na soda, alinitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu, akanivutia benchi.

"Kaa kwanza. Utanieleza ukishakula."

Tulimwita Mpishi. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia, na sitaanza mimi. Vijana wa mikokoteni walimwita Guka, yaani babu kwa Kikikuyu, ingawa hakuwa Mkikuyu. Alikuwa Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, na alipenda kusema kwamba ndani ya damu yake mna makabila matano na hakuna hata moja lililomwachia shamba. Miaka mingi alipika katika shule ya bweni, nami nilikula chakula chake tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Alipostaafu alisimamisha kibanda cha mabati pembeni mwa mtaa wa Kiandutu, mahali vibarua wanapopita asubuhi wakienda kutafuta kazi, akaendelea kupika. Mimi nimefanya kazi za kila namna katika miji ya kila namna, na sijawahi kukaa mahali miaka miwili mfululizo. Lakini benchi lile nililirudia kwa miaka kumi na mitano.

Naandika habari zake kwa sababu ya jambo lililompata uzeeni, na ambalo mimi nilichangia kuliharibu. Ulimi wake ulimwacha, na pua nayo ikafuata. Tangu hapo alikosa raha kwa swali moja: mtu asiyeweza kuonja ana haki gani ya kulisha wengine? Nitalifikia. Lakini mtu hawezi kuelewa alichopoteza kabla ya kujua alivyokuwa anapika.

Ukutani mwa kibanda palikuwa na kalenda ya msikitini, ila miezi aliihesabu kwa mboga. Mvua ya kwanza ya Aprili ikishashuka, terere, ule mchicha wa kienyeji, huota yenyewe kwenye mitaro na kingo za mashamba, na yeye alikuwa wa kwanza kuitafuta. Mei ilikuwa ya managu, yaani mnavu, na kunde. Kwenye baridi ya Juni alipika majani ya malenge na viazi. Julai mpaka Agosti mahindi mabichi yalikuja na maharagwe mabichi, na githeri iliiva kabla sahani hazijakauka. Januari, jua likichoma na watu wakinunua sukumawiki zilizonyweshwa maji yasiyojulikana yametoka wapi, yeye alitoa gunia la majani ya kunde aliyoyachemsha kidogo na kuyaanika juu ya mabati tangu Mei.

"Kununua mboga nje ya msimu wake," alisema, "ni kama kumwamsha mtu usingizini umuulize saa. Atakujibu, lakini vibaya."

Majani yale makavu yalimpatia kejeli nyingi. Mkali kuliko wote alikuwa Njuguna, msukuma mkokoteni mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika, ambaye alikula pale kila siku aliyopata kazi na siku nyingine nyingi ambazo hakupata. Siku ya kwanza ya kunde kavu aliinua kijiko akakitazama pande zote. "Guka, hii si mboga," akasema. "Hii ni godoro." Kisha akala sahani mbili, akaomba ya tatu, na Mpishi akamwambia godoro limekwisha, alale chini.

Unga ulikuwa vita vingine. Alichanganya mahindi, mtama na wimbi kidogo, akabeba mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kusaga, na akasimama palepale mpaka ukaisha kusagwa, nyusi zote zikiwa nyeupe. Mwenye mashine alimuuliza swali lilelile kila mara, kwa sauti ya kushinda injini: akoboe? Na Mpishi akajibu vilevile: asikoboe. Hayo yalienda miaka. Halafu siku moja mwenye mashine, kwa mazoea ya mikono, akayakoboa mahindi, na pumba zikaanguka kwenye gunia ambalo wafugaji wa kuku hununua. Nilikuwepo. Mpishi hakupiga kelele. Aliomba debe, akainama kwenye lile gunia, akapima pumba kiasi kile alichokadiria kuwa ni chake, wafuga kuku wawili wakimtazama kwa chuki, akarudi nyumbani na unga mkono wa kulia na pumba mkono wa kushoto. Akazichanganya upya kwenye karai.

"Walitaka kunitenganisha na chakula changu," alisema.

Ugali uliotoka kwenye unga huo ulikuwa mzito na wa kahawia, na vibarua wapya waliutilia shaka. Kwetu watu wengi wanaona ugali mweupe ni wa mtu aliyejikwamua, na ule wa rangi ni wa shida. Njuguna aliwahi kusema hiyo ugali iko na rangi ya barabara ya murram.

"Na si hiyo barabara ndiyo inakulisha?" Mpishi akamuuliza.

Njuguna akafikiri kidogo, akakubali kwamba ndiyo, akamega.

Ukimwona akipika ungedhani ni bahili. Mafuta aliyamimina kupitia kifuniko cha chupa alichokitoboa kwa msumari, tone baada ya tone. "Mafuta ni ya kumsalimia kitunguu," alisema, "si ya kumwogesha." Malenge moja lilimtosha siku tatu: nyama yake aliiponda na maharagwe, mbegu alizikaanga na chumvi kwa wanaongoja, majani alikuwa ameyapika kabla hata malenge halijakomaa, maganda yalikwenda kwa mbuzi wa jirani. Mashina ya mboga, ambayo wengine huyatupa, aliyamenya ule uzi wa nje na kuyakata vidogo kama bamia. Takataka, kwa maneno yake, ilikuwa ni jina ambalo uvivu ulijipa.

Makaa pia aliyafanyia ujanja. Maharagwe yaliyolowekwa aliyachemsha mpaka yakatokota kwa nguvu, kisha akaitoa sufuria motoni na kuitia ndani ya kikapu kikubwa kilichozungushiwa blanketi kuukuu ndani na mto juu, akaenda zake msikitini. Joto lililofungiwa humo lilimaliza kazi. Mteja mgeni angekuta kibanda kina jiko lililozimika na mzee hayupo, akadhani hakuna chakula. Halafu Mpishi angerudi, afunue blanketi taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kitandani, na mvuke ungepanda.

Lakini bahili hawezi kufanya jambo alilolifanya yeye kila alasiri. Sufuria ilipobaki na ukoko, alitia maji kidogo, akakwangua, akaongeza nyanya moja, akakoroga, na sahani hiyo ilikuwa ya mtu yeyote ambaye siku yake ilikuwa mbaya. Hakuuliza. Alimtambua kwa namna alivyopita mbele ya kibanda bila kuangalia ndani.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na hasira za haraka. Kijana mmoja aliwahi kunyunyizia githeri yake pilipili ya chupa kabla ya kuionja, na Mpishi akamnyang'anya sahani. "Umeihukumu kabla haijajitetea," akamwambia, akampa mwingine aliyekuwa kwenye foleni. Kabeji hakuipika hata mara moja, ingawa ni rahisi na inapatikana mwaka mzima, kwa sababu aliamini kwamba kabeji ni maji yaliyokunjwa mara mia. Hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Na alikuwa na siri. Alasiri moja nilizunguka nyuma ya kibanda kutafuta mahali pa kunawa miguu, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ana nusu mkate mweupe, ule laini kama pamba, ameupaka siagi ya kopo kidole kizima, na chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Mtu aliyewahi kubeba pumba zake kutoka kwa mashine. Nilisimama. Hakuficha, wala hakuacha kutafuna.

"Hiki si chakula, kijana," alisema. "Hii ni likizo."

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Aliniita kijana mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye Ramadhani, maana ndiyo iliyowapa watu sababu ya kudhani kwamba hasara yake haikuwa kubwa. Shuleni alifunga mwezi wote na alipika mwezi wote, kiamsha kinywa, chamcha na jioni, kwa mamia ya wanafunzi ambao wengi wao hawakufunga. Alipika bila kuonja. Imamu alikwisha kumwambia kwamba mpishi akihitaji anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema. "Najua inaruhusiwa," aliniambia. "Lakini pia najijua. Nikigusa nitameza." Basi chumvi aliipima kwa shimo la kiganja, akahesabu viganja kwa sauti. Maharagwe aliyasikiliza: mwiko ukipita kwenye sufuria ya githeri mbichi hupiga kelele kama changarawe, na ikiiva hunyamaza. Mengine aliiachia pua.

Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi tulikuwa tukiamini, na tulibishana na wa shule nyingine juu ya hilo, kuwa chakula cha mwezi huo kilikuwa bora kuliko cha mwaka mzima. Miaka baadaye nilimuuliza sababu.

"Miezi mingine nilijiamini," alisema. "Mwezi ule niliogopa."

Ulimi ulimwacha mwaka ule alipougua homa iliyomlaza wiki mbili. Hakumwambia mtu. Niligundua mwenyewe, mwezi wa Mei, nilipokuwa nimerudi kutoka Kitui. Ilikuwa mchana, vibarua wamekwisha kwenda, tumekaa wawili, na alikuwa akinisimulia juu ya mwalimu mkuu mmoja aliyekataza vitunguu shuleni kwa sababu vilimfanya alie. Sufuria ya maharagwe ilikuwa jikoni, hatua mbili kutoka alipokaa. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Nikangoja ainuke, kwa kuwa huyu ni mtu aliyejua maziwa yanataka kumwagika akiwa nje ya ua. Hakuinuka. Mwalimu mkuu aliendelea kulia, harufu ikazidi, mpaka nikashindwa. Nikachukua kitambaa nikaitoa sufuria motoni.

Akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu ile homa."

Alikuwa amekwenda hospitali. Walimwambia ladha na harufu zinaweza kurudi na zinaweza zisirudi. Nikamkumbusha Ramadhani, nikamwambia amepika miaka na miaka bila kuonja, hili halitamshinda. Nilidhani namfariji.

"Ramadhani nilikuwa na pua," alisema. "Na jioni nilikuwa nafungua, nakula kile nilichopika mchana, najua nilipokosea. Kesho yake narekebisha. Sasa magharibi haifiki."

Halafu akaniomba kitu. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza aniombe chochote. Aliniomba nikae karibu na sufuria, na kila siku kabla hajapakua nionje na kumwambia. "Usinionee haya," alisema. "Chumvi ikizidi, sema imezidi. Ikichacha, sema imechacha. Nikilisha watu kitu kibaya, heri nikae nyumbani." Nikakubali. Nilijiona mtu muhimu.

Siku ya kwanza na ya pili mambo yalikuwa mazuri na nikasema kweli. Siku ya tatu alipika managu na terere, na nilipoonja, macho yalinitoka. Bila shaka alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Nikainua uso kumwambia. Alikuwa ameshika kifuniko kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Iko sawa, Mzee," nikasema.

Kwetu mtu hali chakula cha mzee kisha akakikosoa. Ukikaribishwa unakula, unanawa, unasema asante. Mtoto anayekunja uso mbele ya sahani hufinywa paja bila mgeni kuona, na anajifunza hapo hapo. Mimi nilijifunza vizuri sana. Hata nilipoombwa na mwenye chakula mwenyewe, kwa maneno wazi, niseme kweli, lile paja lilikumbuka kufinywa.

Na wote walifanya kama mimi. Siku hiyo vibarua walikula managu ile kimya, mmoja mmoja akasema iko sawa, Guka, na jagi la maji likajazwa mara nne. Kesho yake wawili hawakuja. Yeye hakuona, au nilijiambia hakuona. Niliendelea kuonja kwa wiki tatu, nikisema iko sawa siku iliyokuwa sawa na siku isiyokuwa, mpaka nikawa siwezi kuisema tena. Ndipo nikapata kazi Narok, au tuseme niliitafuta. Alinifungia ugali wa baridi kwenye karatasi, akaniambia nikirudi nimweleze Wamasai wanafanyaje na mboga.

Nilirudi mwishoni mwa Aprili. Mahali pa kibanda palikuwa na kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nikamtafuta Njuguna, nikamkuta kivulini akingoja mzigo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

Alinieleza kwa kifupi. Watu waliendelea kupungua, kila mmoja na kisingizio chake. Mwingine alihama upande, mwingine tumbo, mwingine mke amekataa ale nje. Hakuna aliyesema chumvi. Mwezi wa Januari, siku ya joto kali, maharagwe yalilala kwenye kikapu kupita saa zake, yakachacha. Pua yenye uzima ingeyajua kabla blanketi halijafunuliwa. Mpishi aliyapakua. Njuguna aliyaonja, akajua, akayala yote, akasema iko sawa. Alilala siku mbili bila kusukuma mkokoteni. Mpishi aliposikia kwamba ni yeye aliyemfanya augue, alienda mpaka chumbani kwake kumwomba msamaha, akarudi, akazima jiko. Wiki ileile binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake Mwihoko.

"Ulijua yamechacha, mbona ukala?" nikamuuliza Njuguna.

"Wewe ulijua chumvi imezidi, mbona ulisema iko sawa?" akanijibu. "Mimi ni mtu wa sahani tu. Wewe ndiye uliwekwa kwa sufuria."

Nilikaa siku nne nikizunguka mjini kabla ya kupata ujasiri wa kwenda Mwihoko.

Binti yake nilimfahamu kidogo. Alikuwa na duka la nguo za watoto chini ya jengo la ghorofa, na alikaa juu yake, ghorofa ya tatu. Watu walijua kwamba hakuupenda upishi tangu utotoni, maana alisoma shule ambayo wenzake walimwambia sare yake inanuka moshi na vitunguu, akaapa kwamba akikua hatashika mwiko. Kiapo alikishika. Alipika kwa gesi, upesi upesi, kwa unga mweupe na vile vidonge vya kuongeza ladha. Njiani kote nilimwona mzee kichwani mwangu: amekaa kwenye kochi mbele ya televisheni, mikono juu ya magoti.

Ilikuwa hivyo kweli, kwa miezi miwili ya kwanza. Binti alinieleza mlangoni, kwa sauti ya chini, kabla ya kunikaribisha ndani. Mzee alikaa dirishani, akala alichopewa, akasema asante, iko sawa. Wali ukiungua, iko sawa. Ukiwa mbichi katikati, iko sawa. Hilo ndilo lililomtisha, mtu aliyekuwa akigombana na vitunguu sasa hagombani na chochote. Siku moja binti alipika maharagwe, yeye mwenyewe akashindwa kuyameza, na baba yake akayamaliza na kushukuru.

"Nikatupa kijiko," aliniambia. "Nikamwambia, Baba, wewe hujui unachokula, na mimi sijui kupika. Tukijumlisha tunapata mpishi mmoja."

Akanifungulia mlango.

Mpishi alikuwa amesimama mbele ya gesi, kofia yake kichwani, amekonda, sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, ikitokota mbele yake. Kwenye sinki kulikuwa na fungu la terere lenye matone ya maji. Kwenye kona, gunia dogo la unga wa kahawia. Alinitazama kwa muda, akauliza Wamasai wanafanyaje na mboga.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine mazuri. Nikayasahau. Nikasema, "Mzee, ile managu ya Mei chumvi ilizidi. Nilikudanganya."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ulikunywa vikombe vitatu vya maji umesimama. Jagi lilikwenda mara nne. Nilipoteza ulimi, sikupoteza macho." Akapunguza moto. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu anitukane. Nyote mlikuwa na adabu."

Nikamuuliza kwa nini, kama alijua, aliendelea kupakua. Alifuta mikono polepole kwenye kitambaa kabla ya kunijibu.

"Ukisema iko sawa, na mimi natamani iwe sawa, hapo tumedanganya wawili, kijana. Usijibebeshe peke yako. Ila Njuguna hakustahili."

Nikamwambia Njuguna ni mzima, anasukuma mkokoteni, na anamsalimia, ingawa salamu hiyo niliitunga pale pale. Nadhani alijua hilo pia. Akaniambia nikimwona nimwambie aje ale, lakini chakula cha nyumba hii kina sheria. Binti ndiye aliyenieleza sheria hizo, huku akichambua terere. Jioni, akishafunga duka, huteremsha sufuria mpaka langoni, na wapangaji wa jengo na la jirani huja na mabakuli yao. Lakini hakuna kinachotoka jikoni kabla yeye hajaonja na kusema. Na anapoonja haangalii uso wa baba yake. Mwanzoni aliangalia, akajikuta anasema uongo, hivyo sasa hugeukia dirishani.

"Wiki ya kwanza alimwaga sufuria nzima," Mpishi alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokosa kwa muda mrefu, nacho ni ugomvi. "Nzima. Eti imeungua chini. Nilipika miaka arobaini, hakuna aliyewahi kumwaga chakula changu."

"Ilikuwa imeungua, Baba."

"Najua ilikuwa imeungua. Nasema tu hakuna aliyewahi."

Saa ya kupakua ilikuwa imekaribia. Chini ngazini nilisikia bakuli likigonga reli, na mtu akimuuliza mwenzake leo ni nini. Mpishi alichota njahi kwenye kijiko cha mbao, akakipuliza, akampa binti yake, kisha akarudi nyuma hatua moja akakunja mikono. Binti aligeuka, akatazama nje, kwenye kamba za nguo za jengo la pili. Alitafuna muda mrefu. Mimi nilimwangalia mzee, na nikaona kwamba alikuwa anaogopa.

"Bado," binti akasema. "Katikati bado ngumu. Na chumvi haijafika."

Mpishi hakubisha. Alitia chumvi kwenye shimo la kiganja, akainyunyiza, akakoroga mara moja, akafunika sufuria. Akaenda mpaka mlangoni, akawaambia watu wa ngazini wasubiri. Kisha akavuta kiti akakaa kati yetu, na sote watatu, na njaa zetu, tukangoja.